Mbalanga na Wajumbe wa Damu

Muhula uliopita kijana mmoja mgeni aliingia bwenini mwetu, mikono yake ina mabaka meupe. Siku ya kwanza alikula peke yake, maana tulinong'onezana kuwa ana ukoma. Nasema "tulinong'onezana" kwa kuwa nami nilikuwamo, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika habari hizi.

Mbalanga si ukoma, wala haiambukizi. Baka la ukoma hufa ganzi, lakini baka la mbalanga husikia mchomo wa sindano kama ngozi nyingine yote. Kilichokufa ni zile chembe zitengenezazo rangi, nazo hazikuuawa na kijidudu cho chote, bali na askari wa mwili wenyewe, yaani chembe nyeupe za damu.

Je, askari hao huitwaje? Hapa ndipo penye ajabu. Chembe nyeupe ikiidhania chembe ya rangi kuwa adui, hutoa protini iitwayo interferoni gama. Chembe za ngozi zilizo jirani hupokea habari hiyo, nazo hutoa protini nyingine, CXCL10, ambayo huwavuta askari wengine kama harufu ya njia ivutavyo siafu. Hao wakifika hutoa interferoni zaidi, na mwito huzidi. Mwaka 2014 wataalamu wa Massachusetts, Marekani, waliizuia CXCL10 katika panya wenye maradhi ya namna hii, na rangi ikarudi.

Sehemu ya protini hiyo huingia katika damu. Imeonekana kuwa nyingi zaidi kwa wagonjwa ambao mabaka yao yanaenea kuliko kwa wale ambao yametulia. Hata hivyo damu peke yake haitoshi kuutaja ugonjwa, kwa sababu CXCL10 huongezeka pia katika kifua kikuu na malaria.

Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya kupaka, ruksolitinibu, ambayo huizuia habari ya interferoni isifike ndani ya chembe. Katika majaribio, watu wapatao 3 katika kila 10 walipona robo tatu au zaidi ya mabaka ya uso kwa wiki 24. Bei yake ni kubwa mno.

Nilipomsomea yule kijana haya mezani, aliuliza ni nani aliyewadanganya askari hapo mwanzo. Nikamjibu kuwa urithi wa wazazi una sehemu yake. Akasema, "Mbona kwetu niko peke yangu?" Nikamwambia wagonjwa wengi ndivyo walivyo.