Bei ya Sukari na Deni la Ziwa

Ghuba ya Winam, ambayo msafiri atokaye Kisumu kwenda Busia huiona mkono wa kushoto apitapo Kisian, ni ya kina kifupi, na njia yake kubwa ya kuyafikia maji makuu ya Ziwa Victoria ni mlango mwembamba wa Rusinga; basi taka iingiayo humo hukawia. Mto Nyando nao, ukisha kupita ukanda wa miwa wa Muhoroni na Chemelil, humwagika katika ghuba hiyo hiyo.

Mabaki ya viwanda vya sukari na vya spiriti ya molasi aghalabu hayaui samaki kwa sumu: vijidudu huyala, na katika kuyala huimaliza oksijeni ambayo samaki wangeivuta. Ili kuupima ulaji huo, mtu wa maabara hujaza chupa mbili maji yale yale, akapima oksijeni ya moja papo hapo, ya pili akaiweka gizani kwa siku 5 katika joto la nyuzi 20, kisha akaipima. Tofauti yake ndiyo oksijeni iliyoliwa. Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006 ziliruhusu miligramu 30 tu za oksijeni hiyo kwa lita, ilhali mabaki mabichi ya spiriti huwa na makumi ya maelfu.

Gharama ya kuyasafisha mabaki hayo, isipolipwa kiwandani, haipotei. Huilipa mvuvi apigaye kasia mbali zaidi, na mama anunuaye makaa ya kuchemshia maji ya kunywa. Mwanauchumi Arthur Pigou wa Cambridge aliijadili hasara ya namna hii mwaka 1920, akaona kodi yaweza kuirudisha kwa aliyeisababisha. Nami naona amesibu, maana faini ya nadra, hata ikiwa nzito, mwenye kiwanda huipima na uwezekano wa kukamatwa, akaona ni nafuu kuliko kuendesha mabwawa ya kusafishia. Bali ada ya kadiri ya uchafu, kama Uholanzi ilivyoweka kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1970, humfuata kila siku. Tena mabaki hayo, yakivundikwa katika tangi lililozibwa, hutoa gesi ya kuwashia boila, ikarudisha sehemu ya gharama.

Viwanda si wakosaji pekee, kwani maji taka ya mji na mbolea za mashambani zina fungu lao. Lakini Sheria ya Mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 imekwisha kukubali kwamba mchafuzi ndiye alipe. Twaiomba NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, basi, itangaze hadharani kila mwezi vipimo vya kila kiwanda, ili mvuvi wa Kisian ajue anamlipia nani.