Je, Wajua? Mabonde Makavu ya Antaktika

Je, wajua kuwa jangwa kubwa kuliko yote duniani si Sahara? Ni bara la Antaktika, lenye kilomita za mraba milioni 14 hivi. Kinacholifanya jangwa ni ukame, si joto.

Wajua kuwa katika bara hilo la barafu mna mabonde ya mchanga na mawe matupu? Ni Mabonde Makavu ya McMurdo. Robert Falcon Scott na wenzake wawili waliyafikia mwaka 1903, wasione kiumbe hai hata kimoja ila mifupa ya sili.

Wajua kuwa huko mvua hainyeshi? Hudondoka theluji tu, na ya mwaka mzima ikiyeyushwa hutoa milimita 3 hadi 50 za maji. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000.

Wajua nani mkaushaji? Milima ya Transantarctic huzuia barafu ya bara isiyafunike mabonde. Kisha upepo mzito huporomoka kutoka nyanda za juu, ukipata joto kadiri unavyoshuka, na theluji hugeuka mvuke kabla haijawa maji.

Wajua kuwa huko jua likizama mwishoni mwa Aprili halichomozi hadi Agosti? Wastani wa joto la mwaka ni kati ya nyuzi 15 na 30 chini ya sifuri.

Wajua kuwa Mto Onyx wa mabonde hayo, wenye kilomita 32 hivi, huipa bahari kisogo? Hutiririka majira ya kiangazi tu, kuelekea bara, hadi Ziwa Vanda. Juu ya ziwa hilo pana barafu ya mita 3 na zaidi. Chini kabisa maji yana nyuzi 25 hivi, maana chumvi huyafanya mazito yasipande na joto la jua yakalihifadhi.

Wajua kuwa minyoo midogo ya udongo wa mabonde hayo hujikausha, ikangoja, na kuamka maji yapatikanapo?

Wajua kuwa mizoga ya sili hukaa humo mamia ya miaka bila kuoza? Uchafu nao hudumu vivyo hivyo. Ndiyo maana watafiti hutakiwa kuondoka na taka zao zote, hata mkojo. Sheria hiyo ni ya haki kabisa: ardhi isiyoweza kujisafisha ina haki ya kulindwa na kila anayeikanyaga.