Motokari ya Zamani Inapokataa Kuwaka Ikiwa na Joto

Nani kati yetu hajaona jambo hili? Motokari ya zamani yatoka Uvira, imejaa watu na mizigo. Alfajiri iliwaka mara moja. Yapita bonde la Ruzizi lenye joto kali, yafika Kamanyola, kisha yapanda mlima wa Ngomo polepole, kwa gia ndogo, mpaka Nyangezi. Hapo dereva azima mtambo ili abiria mmoja ashushe magunia yake. Baada ya robo saa ageuza ufunguo: mtambo wazunguka, wazunguka, wala hauwaki. Watu wateremka, wasukuma, watokwa na jasho. Kila mmoja ana shauri lake. Huyu asema: «Betri imekufa.» Yule asema: «La, ni plagi.» Baada ya saa nzima, pasipo mtu kutengeneza kitu chochote, motokari yawaka kana kwamba haikuugua kamwe.

Kesho yake mwenye motokari aipeleka kwa fundi. Mtambo umekwisha kupoa. Fundi ageuza ufunguo, nao wawaka. Basi aanza kubahatisha. Leo abadilisha betri, juma lijalo plagi, halafu pampu ya petroli. Fedha zilizowekwa kwa ajili ya shule ya watoto zakwisha, na ugonjwa u palepale.

Kosa lao ni nini? Walimpima mgonjwa baada ya homa kushuka. Ugonjwa uletwao na joto sharti upimwe wakati wa joto, palepale motokari iliposimama. Wahenga walisema: «Mficha maradhi, kilio humuumbua.» Motokari nayo huficha maradhi yake ikipoa, ni kazi yetu kuyakamata kabla hayajajificha.

Kwanza tujue jambo moja. Mtu hudhani kwamba mtambo ukizimwa huanza kupoa papo hapo. Sivyo. Unapozimwa, maji hayazunguki tena wala feni haipulizi, lakini chuma chenyewe kingali na moto mkali. Joto hilo hupanda na kuingia katika kabureta, pampu, nyaya na stata. Ndiyo maana kwa dakika kadhaa vyombo hivyo huwa na joto kuliko vilivyokuwa njiani.

Sasa tumwulize mgonjwa maswali matatu, kwa taratibu.

Swali la kwanza: Je, mtambo wazunguka kwa nguvu?

Ukizunguka kwa uvivu, au ukisikia mlio mdogo tu, usiguse kabureta. Shida iko upande wa umeme wa kuzungushia. Waya za shaba zikipata joto huzuia umeme zaidi: joto likiongezeka nyuzi 60, kizuizi hicho huongezeka karibu robo nzima. Stata iliyochakaa, tena iliyo karibu na bomba la moshi, huweza kufanya kazi asubuhi na kushindwa adhuhuri. Lakini kabla ya kuinunua nyingine, safisha vichwa vya betri, ukakaze waya unaounga betri na mwili wa gari, na mwili na mtambo. Mwenye kipimo cha volti aweke ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha mtambo, mwenzake akigeuza ufunguo. Kipimo kikipita nusu volti, waya huo au maungio yake ni mabovu. Pengine dawa ni msasa tu.

Swali la pili: Je, petroli yafika, wala si nyingi mno?

Mtambo ukizunguka vizuri bila kuwaka, tumia pua yako. Petroli si kama maji yachemkayo kwa joto moja. Ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi. Katika nchi ya juu kama Bukavu, iliyo zaidi ya mita 1,450 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na kila kimiminiko huchemka upesi kuliko pwani.

Ukisikia harufu kali ya petroli, yaelekea imechemka ndani ya bakuli la kabureta ikamwagika katika mtambo. Mtambo umelewa. Usipige-pige kikanyagio, maana kila pigo laongeza petroli. Kikanyage taratibu mpaka chini, ukishikilie hapo, kisha geuza ufunguo. Ukiwaka hivyo, umejua ugonjwa. Fundi atazame boya la kabureta, sindano yake, choki kama imekwama, na kizuizi cha joto kilicho chini ya kabureta kama kipo.

Pasipo harufu, huenda mvuke umejaa katika pampu au bomba, na pampu haiwezi kuusukuma. Funika pampu na bomba lake kwa kitambaa chenye maji, ungojee dakika chache. Ikiwaka baada ya hapo, tazama bomba lipitapo: halipasi kugusa wala kukaribia chuma chenye moto.

Swali la tatu: Je, cheche yapatikana?

Unga plagi ya akiba na waya mmoja wa plagi, uigandamize kwenye chuma cha mtambo kwa koleo lenye mpini wa mpira. Cheche ya samawati yenye nguvu ni njema. Pasipo cheche wakati wa joto, nayo ikirudi baada ya kupoa, yashuku koili na kondensa, halafu platini. Waya mwembamba ndani ya koili huweza kuachana ukitanuka kwa joto, kisha ukagusana tena ukipoa. Lakini angalia! Usifanye jaribio hili mahali penye harufu ya petroli au petroli iliyomwagika. Cheche moja yatosha kuteketeza gari na watu. Wala usifungue kifuniko cha rejeta yenye joto.

Motokari mpya zina pampu ndani ya tangi, isukumayo petroli kwa nguvu, ndiyo maana ugonjwa huu huzipata kwa nadra. Bali Peugeot 404, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1960, na ndugu yake 504 ya mwaka 1968, nyingi zao zina kabureta, na kabureta hupenda kutunzwa.

Nanyi wanafunzi, mwaweza kumsaidia baba. Chukueni daftari, mwandike: ilisimama wapi, baada ya dakika ngapi ilikataa, je, mtambo ulizunguka, je, petroli ilinuka, je, cheche ilionekana. Ukurasa mmoja wa namna hiyo wampa fundi mwanga kuliko maneno ya abiria kumi. Naye fundi abadilishe kitu kimoja tu kwa mara moja, kisha aijaribu tena motokari ikiwa na joto. Akibadilisha vitatu pamoja, hatajua kipi kilikuwa kibovu, na baba atalipia vyote vitatu.