Mgongo Unaouma na Mtu Apendaye Kukimbia

Ndugu Wanachama,

Kila msimu wa kuchuma unapomalizika, malalamiko yanayofika mezani petu kwa wingi si ya bei wala ya magunia, bali ni ya kiuno. Mmoja alishinda juu ya mkarafuu akivuta matawi kwa ngoe. Mwengine alishinda ameinama juu ya jamvi akichambua makonyo. Wa tatu alibeba mizigo kutoka shambani mpaka barabarani. Wote hutamka neno moja: "Katibu, mgongo wangu umekwisha." Na wale miongoni mwetu walio katika vikundi vya mazoezi, au waliozoea kukimbia alfajiri, huongeza swali: je, kukimbia ndiyo basi tena?

Leo tutalijibu swali hilo kwa urefu, kwani ni swali letu wenyewe pia.

Sisi tumekuwa wakimbiaji tangu siku za skuli. Dasturi yetu ilikuwa kutoka baada ya sala ya alfajiri, kukimbia mpaka karibu na kiwanja cha Gombani, kisha kurudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Miaka mitatu sasa imepita tangu siku tuliyosaidia kupakia magunia garini. Tulinyanyua gunia, tukajizungusha kiuno ili kulirusha juu, na hapo hapo tukasikia kitu kimekaza chini ya mgongo. Siku ya pili hatukuweza kuvaa viatu.

Tulishauriwa tulale, na tusikimbie tena maisha yetu. Tukatii. Tulilala siku kumi na moja. Maumivu yalipungua kidogo, lakini tulipoinuka miguu ilikuwa haina nguvu na mgongo umekuwa mgumu kama ubao. Tukaogopa, tukalala tena. Tukanunua mkanda wa kiuno kwa mtu aliyetuahidi kuwa tutapona kwa wiki mbili. Miezi minne ikapita. Tukawa twasali juu ya kiti, mtu wa miaka thelathini na kitu, nyuma ya wazee wa miaka sabini waliokuwa wakirukuu na kusujudu bila taabu. Mtoto wetu mdogo akinyoosha mikono abebwe, tulikuwa twamwita mama yake. Jambo hilo lilituuma kuliko kiuno chenyewe.

Tumeyaeleza haya si kwa kutaka kuhurumiwa, bali mwanachama apate kujua kuwa anayesema naye ameyaonja.

MGONGO UMEJENGWAJE

Uti wa mgongo si mti mmoja mkavu unaoweza kukatika kwa kuinama. Ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyengine, na 24 kati yake huweza kucheza. Baina ya pingili na pingili, isipokuwa kule juu kabisa shingoni, pana kisahani cha gegedu chenye majimaji ndani yake, ambacho hupokea kishindo tunapotembea, tunaporuka na tunapobeba. Pembezoni mwake pana kano na misuli mingi, ya mgongo, ya tumbo na ya makalio, nayo huushika uti kama kamba zinavyoushika mlingoti wa jahazi. Kamba zikilegea, mlingoti huyumba hata kama wenyewe ni mzima.

Visahani hivyo, kwa mtu mzima, havipitiwi na mishipa ya damu ndani yake. Chakula chao huingia kidogo kidogo kutoka pembeni. Uzito ukivibana, majimaji hutoka. Ukiondoka, majimaji hurudi. Ndiyo maana kila mtu huwa mfupi kidogo jioni kuliko alivyokuwa asubuhi, na akilala usiku urefu wake humrudia. Basi kubanwa kwa kiasi na kuachiliwa, kama mtu anavyotembea, ndiko kunakokisaidia kisahani kupata riziki yake. Anayelala mchana na usiku kwa wiki nzima hudhani anaupumzisha mgongo, kumbe anaunyima.

KULALA AU KUTEMBEA?

Zamani madaktari wengi walikuwa wakiagiza kitanda. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Helsinki, nchini Finland, kwa wafanyakazi 186 wa mji huo walioshikwa na maumivu mapya ya kiuno. Kundi moja lilitakiwa lilale siku mbili, la pili lilifundishwa mazoezi ya kuulainisha mgongo, na la tatu liliambiwa liendelee na shughuli zake za kawaida kwa kadiri ya uwezo. Waliopona upesi zaidi ni wale wa kundi la tatu, na waliochelewa kuliko wote ni wale waliolazwa. Hizo zilikuwa siku mbili tu za kitanda. Sisi tulilala kumi na moja.

Juu ya maumivu yanayorudi rudi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Macquarie, nchini Australia, walitoa matokeo yao mwaka 2024. Waliwafuata watu 701 waliokuwa wametoka tu kupona kiuno. Waliopewa mpango wa kutembea na kufundishwa namna ya kujitunza walikaa, kwa makadirio ya katikati, siku 208 kabla ya maumivu kurudi. Wasiopewa mpango huo walikaa siku 112. Kutembea hakuna bei, wala hakuhitaji mashine.

Wengine watasema: "Lakini mimi nimepigwa picha, nimeambiwa visahani vyangu vimechakaa." Ndugu, picha haidanganyi, ila yaweza kufahamika vibaya. Mwaka 2015 zilikusanywa khabari za watu 3,110 wasioumwa na mgongo hata kidogo, waliopigwa picha za ndani. Katika wenye miaka 20, watu 37 katika kila 100 walionekana kuwa na visahani vilivyochakaa, na katika wenye miaka 80 walikuwa 96 katika kila 100. Kuchakaa huko aghlabu ni kama mvi kichwani: ni alama ya umri, si lazima iwe ndiyo sababu ya maumivu. Tena maumivu yaliyopita miezi mitatu mara nyingi huendelea hata baada ya jeraha la kwanza kupona, kwani mishipa ya fahamu imekuwa myepesi wa kushtuka, na hofu, usingizi mbaya na wasiwasi huzidi kuishtua. Kuuma si lazima kuwe ni kuharibika.

NA KUKIMBIA JE?

Watu wengi hudhani kila hatua ya mkimbiaji ni nyundo juu ya uti wake. Mwaka 2017 wataalamu wa Australia walilinganisha migongo ya watu 79, baadhi yao wasiofanya mazoezi na baadhi yao wakimbiaji waliozoea. Visahani vya wakimbiaji vilionekana kuwa na majimaji mengi zaidi. Hao walikuwa watu wenye migongo mizima, nasi hatusemi kuwa mtu aliyeshikwa leo akimbie kesho. Twasema tu kuwa kukimbia kwenyewe si adui wa mgongo. Adui ni kuanza kwa pupa baada ya kukaa.

Tena wote twamjua Usain Bolt wa Jamaica, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, na kushinda mbio hizo katika Olimpiki za 2008, 2012 na 2016. Uti wake wa mgongo umepinda upande, na mwenyewe ameeleza kuwa ilimbidi kila mara kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo ili aweze kuendelea. Hakungoja uti unyooke ndipo akimbie.

NJIA TULIYOIFUATA

Baada ya kuchunguzwa na daktari na kuambiwa kuwa hatuna maradhi ya khatari, tulianza hivi:

Kwanza, tulitembea dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni, mahali tambarare. Kila wiki tuliongeza dakika tano, mpaka tukaweza kutembea nusu saa bila ya kiuno kulalamika zaidi kuliko tulivyoondoka nacho.

Pili, ndipo tukachanganya mbio: dakika moja kukimbia polepole, dakika mbili kutembea, mara nane, siku moja tukifanya na siku ya pili tukipumzika. Tuliongeza mbio kidogo kidogo. Ilituchukua miezi mitano kufika kilomita tano. Wenzetu walitucheka kwa mwendo wetu, lakini mwenda pole hajikwai.

Tatu, tuliweka sheria ya asubuhi ya pili. Maumivu madogo wakati wa kukimbia hayatutishi. Yakiwa yamezidi hata asubuhi inayofuata, basi tumevuka kipimo, nasi hurudi kwenye kiasi cha wiki iliyopita. Haturudi kitandani.

Nne, tulifupisha hatua, kwani hatua ndefu huongeza kishindo. Hapa Pemba vilima ni vingi. Kwa muda mrefu tulikuwa tukiteremka kwa kutembea.

Tano, mara tatu kwa wiki tulifanya mazoezi matatu juu ya mkeka. La kwanza: kulala chali, magoti yamekunjwa, kisha kuinua kiuno na kukishusha taratibu. La pili: kupiga magoti na kuweka mikono chini, kisha kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto pamoja, kuhesabu mpaka kumi, na kubadilisha. La tatu: kulala ubavu, kuegemea kiwiko na goti, na kuinua nyonga, kulia na kushoto. Hayazidi dakika kumi na tano.

SHAMBANI NA KWENYE JAMVI

Mkimbiaji hakimbii kutwa, lakini mkulima hufanya kazi kutwa. Faida ya alfajiri yaweza kupotea adhuhuri. Anayechambua asikae mkao mmoja mpaka kazi ishe. Ainuke kila nusu saa, atembee hatua chache, ajinyooshe. Mzigo mkubwa ugawanywe mara mbili, au ubebwe na watu wawili. Gunia lishikwe karibu na mwili, na mtu ageuke kwa miguu, si kwa kiuno kama tulivyofanya sisi. Na baada ya miezi ya kukaa, msimu usianzwe kwa ghafula. Mwenye kutembea na kujizoeza mwezi mzima kabla ya kuchuma atapanda mkarafuu akiwa tayari.

FEDHA ZISIPOTEE

Mwezi wa Disemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya maumivu sugu ya kiuno. Limependekeza mafunzo na ushauri, mazoezi, na matibabu mfano wa kukandwa. Halikupendekeza mikanda ya kiuno, wala kuvutwa mgongo kwa mizani, wala dawa kali za jamii ya afyuni. Dawa za kutuliza kama ibuprofen zaweza kusaidia kwa muda, lakini muulize daktari kwanza, khasa mwenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo. Mkanda wetu sisi sasa wafungia mzigo wa baskeli.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Twaomba sehemu hii isomwe kwa makini, na asomewe asiyejua kusoma. Usifanye mazoezi, bali nenda hospitali upesi, ukiona haya: ganzi sehemu za siri au baina ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo kukataa kutoka, mguu kulegea siku hadi siku, homa pamoja na maumivu ya mgongo, kukonda bila sababu au kutoka jasho usiku, kwani kifua kikuu huweza kuingia katika uti wa mgongo, maumivu mapya kwa mtu aliyewahi kuugua saratani. Na aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu asiinuliwe kwa kuvutwa mikono wala kukalishwa. Alazwe sawa sawa, shingo na mgongo visipindwe, achukuliwe juu ya ubao.

MWISHO

Mwanachama atauliza: je, Katibu amepona? Jawabu ni kuwa kiuno bado hutukumbusha, khasa siku za mvua tunapokaa sana na madaftari. Msimu uliopita kilitushika siku nne. Tofauti ni kuwa hatukulala. Tulitembea polepole siku zote nne, na siku ya tano tukakimbia dakika moja moja kama mwanzo. Leo twakimbia kilomita tano mara tatu kwa wiki, twarukuu na kusujudu safuni pamoja na wenzetu, na mtoto, ijapokuwa amekuwa mzito, twambeba wenyewe.

Basi asiseme mtu kuwa mgongo wake umekwisha kabla hajaupa kazi yake kwa kipimo chake. Tarehe 1 Januari, siku ambayo vikundi vya mazoezi vya Zanzibar hukusanyika, tutakuwamo, huko nyuma pamoja na wanaotembea. Mwenye kuumwa na kiuno na atufuate huko, nafasi ipo.

Wasalaam,
Katibu