Ukucha wa Hannah

Wajukuu zangu, hiki ni kisa cha kweli. Januari 1848, katika kijiji cha Winlaton karibu na Newcastle, Uingereza, msichana wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener alikalishwa kitini ili ang'olewe ukucha wa kidole cha mguu. Alikuwa analia kwa hofu. Daktari akamwaga klorofomu, dawa ya nusukaputi, kwenye kitambaa, akamwambia avute pumzi. Dawa hiyo ilikuwa na miezi michache tu tangu ianze kutumika kwa wagonjwa. Kisu kilipogusa ukucha, Hannah alishtuka, kisha midomo ikapauka. Wakamrushia maji usoni, wakamtia brandi mdomoni. Dakika chache baadaye alikuwa amekata roho.

Kilichomuua bado kinabishaniwa. Wako wasemao dawa ilisimamisha moyo, na wako wasemao brandi ilipita njia ya hewa. Hatari zote mbili zipo hadi leo, ndiyo maana nataka mzifahamu.

Usingizi wa nusukaputi si ule wa kitandani. Ukilala nyumbani, mate yakipotea njia unakohoa, mbu akikuuma unajikuna. Chini ya nusukaputi mwili hauwezi kujitetea hivyo. Pumzi hufifia au kukoma, shinikizo la damu hushuka, na chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda kooni kikaingia mapafuni. Kwa hiyo mgonjwa huzuiwa kula kwa saa 6 au zaidi kabla ya upasuaji. Maji matupu huruhusiwa mara nyingi hadi saa 2 kabla. Shangazi mwenye huruma akikupenyezea andazi asubuhi ya upasuaji, amekuweka hatarini. Ukila, sema! Heri upasuaji uahirishwe.

John Snow, daktari wa London, alichunguza vifo kama hicho cha Hannah akaona kwamba kitambaa hakipimi kitu. Akaunda chombo cha kupima mvuke wa dawa. Siku hizi mtaalamu wa usingizi hukaa kichwani pa mgonjwa mwanzo hadi mwisho, akitazama pumzi, mapigo ya moyo na kile kibanio cha kidoleni kinachoonyesha oksijeni. Vifo vimepungua sana. Pasipo na mtaalamu wala kibanio, hatari hubaki kubwa, na hilo linaniuma.

Mwelezeni mtaalamu huyo kila kitu: pumu, mafua, jino linalocheza, hata ndugu aliyewahi kupatwa na joto kali la ghafla chini ya nusukaputi, kwa kuwa tatizo hilo, ingawa ni adimu, hurithiwa.

Baada ya kuzinduka, koo huweza kuuma kwa sababu ya mpira wa kupumulia. Wengine hutetemeka, wengine hutapika, na wazee huweza kuchanganyikiwa kwa siku kadhaa. Watoto wadogo hulia na kurusha miguu bila kujua wako wapi. Mdogo wenu akifanya hivyo msimcheke. Mshikeni mkono, wala msimpe chai mpaka muuguzi aseme.