Jina Lililoshonwa: Utangulizi wa Toponimia

Toponimia ni taaluma ya kuchunguza majina ya mahali. Tutaanzia Westlands, Nairobi, kwenye barabara iitwayo Rhapta Road. Wengi hupita hapo kila siku bila kujua kwamba Rhapta ni neno la Kigiriki, na lilikuwa jina la mji wa pwani yetu wenyewe.

Kwanza chanzo. Katika karne ya 1, mtu wa Misri aliyejua Kigiriki, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika Periplus, yaani mwongozo wa safari za baharini unaotaja bandari moja baada ya nyingine. Anasema kuwa soko la mwisho la Azania, kama alivyoiita pwani hii, ni Rhapta, penye pembe za ndovu na magamba ya kasa kwa wingi. Mji huo, asema, umepewa jina hilo kutokana na mashua zake zilizoshonwa. Kwa Kigiriki, rhaptos ni kitu kilichoshonwa.

Najua utauliza: mashua hushonwaje? Mbao hutobolewa kingoni, zikaunganishwa kwa kamba za usumba bila msumari. Mashua hiyo Waswahili tuliiita mtepe, na mitepe ilisafiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Kiini cha etimolojia, yaani uchunguzi wa asili ya maneno, ni hiki: kufanana kwa sauti hakutoshi, sharti pawe na ushahidi nje ya neno lenyewe. Rhapta inao: mitepe yenyewe, tena hata katika bidhaa zilizoletwa huko, Periplus inataja vyuma vya kutobolea. Nashawishika kuwaza mafundi wa mashua.

Sasa jambo gumu zaidi: nani alitoa jina, na mahali penyewe ni wapi? Nairobi ni jina walilotoa Wamaasai kutokana na maji baridi ya mahali hapo, ambapo wao wenyewe walipajua. Rhapta tumelipokea kwa kalamu ya mgeni, naye alitaja kilichomshangaza yeye. Kuhusu mahali, katika karne ya 2 mwanajiografia Ptolemy wa Alexandria aliweka hata mto Rhaptos karibu na mji huo. Basi watafiti wanabishana mto huo ni upi kati ya mito ya leo: wengine husema Rufiji, wengine Pangani. Mimi naona hoja ya Rufiji ina nguvu zaidi, lakini usinifuate kabla ya kuisoma Periplus yenyewe. Ni fupi, na habari za Rhapta ni aya chache tu.