Ufundi wa mashine za shamba: jinsi ya kuujifunza, kuufanya na kupata cheti

Mwezi wa Machi ukifika na mvua kukaribia, trekta hazipumziki Trans Nzoia. Kuanzia Endebess, Kwanza na Saboti hadi Kiminini na Cherang'any, kila mkulima anataka shamba lake lilimwe, lipigwe haro na lipandwe kwa wakati. Trekta moja ikikwama siku hizo, haimkwamishi mwenyewe pekee. Wakulima wote waliokuwa kwenye foleni yake husubiri, na mahindi yanayopandwa kwa kuchelewa hutoa mavuno madogo.

Ndiyo maana fundi anayeweza kufika shambani, kutambua kasoro na kuirekebisha siku hiyo hiyo hakosi kazi. Makala haya yanaeleza kazi hiyo ni ipi, hufundishwa vipi, na mkaazi wa kaunti anaweza kuingia kwa njia gani, hata kama hakupata alama za juu shuleni au amekuwa fundi kwa miaka mingi bila cheti.

Kazi yenyewe

Fundi wa mashine za shamba hushughulikia trekta, plau, haro, planta, mashine za kunyunyizia dawa, kombaini, mashine za kupukuchua mahindi, za kukata nyasi ya ng'ombe na pampu za maji. Mengi anayojua fundi wa magari yatamfaa, lakini kuna tofauti tatu kubwa.

Kwanza, gari huhesabiwa kilomita, trekta huhesabiwa saa. Trekta inaweza kufanya kazi kutwa nzima ndani ya shamba moja, kwa hivyo sevisi hufuata mita ya saa na kitabu cha mtengenezaji. Pili, trekta peke yake hailimi. Kazi hufanywa na zana iliyofungwa nyuma, na fundi lazima aelewe vyote viwili. Tatu, kosa la fundi huonekana kwenye mimea miezi kadhaa baadaye.

Chukua mfano wa planta. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 25 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo, ekari moja hubeba karibu mimea 21,500. Sahani ya mbegu ikiwa imechakaa, au mnyororo ukiwa unaruka, na planta ikakosa shimo moja kati ya kila kumi, mkulima amepoteza nafasi ya mimea zaidi ya 2,000 kwa ekari. Mbolea amenunua, palizi atalipia, lakini mahindi hayapo. Fundi aliyekagua planta kabla ya msimu ndiye angeizuia hasara hiyo.

Usalama huja kabla ya spana

Somo la kwanza katika chuo chochote kizuri ni namna ya kurudi nyumbani ukiwa mzima. Shafti ya PTO, ile inayotoka nyuma ya trekta na kuzungusha mashine iliyofungwa, kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika. Hiyo ni mara tisa kila sekunde. Nguo ikinaswa, mtu hana muda wa kujinasua.

Kwa hivyo zima injini, toa ufunguo, ngoja shafti isimame kabisa, ndipo uguse. Vaa ovaroli iliyokaa mwilini. Usikaribie shafti ukiwa na leso, shuka au koti lililochanika. Kifuniko cha shafti kikivunjika hubadilishwa, hakitupwi kwa sababu "kinasumbua".

Hatari nyingine ni mafuta ya haidroliki. Yakivuja kwa tundu dogo kama la sindano, hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Tafuta uvujaji kwa kipande cha katoni au ubao, kamwe si kwa kidole. Mafuta yakiingia mwilini, hata kama kidonda ni kidogo na hakiumi sana, hiyo ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitalini papo hapo.

Vilevile, plau iliyoinuliwa na haidroliki haifanyiwi kazi chini yake. Ishushwe ardhini, au iwekewe vishikilio imara. Jeki ni ya kuinulia tu, haitoshi kushikilia mashine unapolala chini yake.

Anayojifunza mwanafunzi

Injini ya dizeli. Injini hii haina plagi kama ile ya petroli. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ipate joto kali, kisha nozeli hunyunyiza dizeli nayo huwaka yenyewe. Adui zake wakubwa ni vumbi kwenye hewa, maji na uchafu kwenye dizeli, na hewa kwenye mirija ya dizeli. Mwanafunzi hujifunza kubadilisha filta, kumwaga maji yaliyokusanyika, kutoa hewa kwenye mirija, kupima mwanya wa valvu na kukagua mfumo wa kupoza injini. Hujifunza pia kwa nini dizeli iliyowekwa kwenye mtungi mchafu huharibu pampu na nozeli.

Klachi, gia, breki na haidroliki. Hapa mwanafunzi hufuata nguvu ya injini inavyosafiri hadi kwenye magurudumu, shafti ya PTO na mikono ya kuinulia zana.

Umeme. Betri, stata, alteneta na waya. Mita ndogo ya kupimia umeme humwepusha fundi kununua stata mpya wakati shida ilikuwa waya uliolegea kwenye betri.

Kulehemu na kazi ya chuma. Zana za shamba huvunjika mbali na mji, na fundi anayejua kulehemu vizuri humaliza kazi pale pale.

Kupanga zana shambani. Hapa ni kina cha plau, nafasi za planta na kiwango cha dawa. Kwa mfano, nozeli ya kunyunyizia dawa inayotoa zaidi ya asilimia 10 juu ya kiwango cha nozeli mpya imechakaa na inafaa kubadilishwa.

Kutafuta chanzo kabla ya kufungua

Ujuzi unaomtofautisha fundi na mbadilisha spea ni huu: kujua kasoro ilikotoka kabla ya kufungua nati ya kwanza.

Tuseme trekta iko shambani, inakosa nguvu na inatoa moshi mweusi. Fundi asiye na subira atasema pampu ya dizeli imekufa. Pampu itafunguliwa, itapelekwa mjini, mkulima atalipa, siku zitapotea, na huenda trekta ikarudi na moshi ule ule.

Fundi aliyefundishwa huanza kwa kufikiri. Moshi mweusi maana yake ni kuwa dizeli inayoingia ni nyingi kuliko hewa ya kuichoma. Je, hewa inaingia vizuri? Hufungua kisafishio cha hewa na kukuta filta imeziba kwa vumbi. Hiyo ni kazi ya muda mfupi na gharama ndogo. Filta ikiwa safi, huuliza swali linalofuata: je, plau imezama kuliko uwezo wa trekta? Je, breki inashika gurudumu? Baada ya hapo ndipo huenda kwenye nozeli, na pampu huja mwisho.

Rangi nyingine za moshi pia husema. Moshi wa samawati huonyesha kuwa oili ya injini inaungua. Moshi mweupe wakati injini imeshapata moto huashiria dizeli isiyoungua vizuri, au maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Kanuni ni moja: muulize dereva, tazama, sikiliza, pima, kisha anza na kilicho rahisi na cha bei ya chini. Fundi anayefuata mpangilio huu huokoa pesa za mkulima, na mkulima huyo humwita tena.

Njia tatu za kuingia

Ya kwanza ni chuo cha ufundi cha kaunti. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la serikali za kaunti. Hapa ndipo pa kuanzia kwa vijana wengi, wakiwemo wale ambao hawakufanya vizuri katika mtihani wa sekondari. Si kila chuo kina kozi ya mashine za kilimo. Ukiikosa, kozi ya ufundi wa magari au kulehemu ni msingi mzuri, mradi utafute mazoezi ya kazini kwenye trekta.

Ya pili ni vyuo vya kitaifa na vyuo vya kiufundi, kama vile Kitale National Polytechnic. Kwa kawaida, diploma huhitaji wastani wa C- katika KCSE na cheti cha kraft huhitaji D. Kiwango cha artisan kiko wazi kwa walio chini ya hapo. Maombi ya kupangiwa nafasi hupitia KUCCPS, na wanafunzi wa vyuo hivi wanaweza kuomba mkopo wa HELB. Kabla ya kulipa karo katika chuo chochote cha kibinafsi, hakikisha kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi.

Ya tatu ni kujifunza chini ya fundi mzoefu katika gereji ya jua kali. Wengi wamepitia njia hii na ni nzuri, lakini kubalianeni mapema na kwa maandishi: utakaa muda gani, utafundishwa nini, na utaanza kulipwa lini. Bila makubaliano, mwanafunzi anaweza kuosha spea miaka miwili bila kufunga injini hata moja. Uwe na daftari. Andika kila kazi uliyofanya, tarehe, aina ya mashine na kasoro iliyokuwapo.

Ujuzi upo, cheti hakipo

Kaunti yetu ina mafundi wengi ambao mikono yao inajua kazi lakini hawana karatasi ya kuonyesha. Wanapotafuta kazi kwenye mashamba makubwa au kwa wauzaji wa trekta, huachwa nje. Kuna njia mbili za kurekebisha hali hiyo.

NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, hutoa mitihani ya ufundi ya gredi ya 3, ya 2 na ya 1. Gredi ya 3 ndiyo ya kuanzia na ya 1 ndiyo ya juu. Mitihani hiyo hupima kazi ya mikono pamoja na nadharia. Uliza ni upi unaolingana na kazi yako: ufundi wa magari, mitambo au kulehemu.

Njia nyingine ni utambuzi wa ujuzi wa awali, unaojulikana kama RPL. Hapa fundi hupimwa kwa yale anayoyajua tayari, popote alipojifunzia, na akifaulu hupewa cheti bila kurudi darasani kuanza upya. Picha za kazi, barua za wateja na lile daftari ndio ushahidi wako.

Kuanza kazi yako

Huhitaji gereji kubwa. Anza na seti nzuri ya spana na soketi, za milimita na za inchi, kwa kuwa trekta nyingi za zamani hutumia nati za inchi. Ongeza bomba la grisi, mita ya umeme, na karai la kumwagia oili. Oili chafu isimwagwe mtaroni wala shambani, kwani vijito vyetu vingi huishia Mto Nzoia.

Usingoje mashine iharibike. Baada ya mavuno, mkulima ana pesa na trekta ina nafasi. Huo ndio wakati wa kumshawishi aifanyie sevisi na akague planta. Mpe kila mteja karatasi yenye tarehe, mita ya saa, kazi uliyofanya na spea ulizoweka, kisha mrudishie spea za zamani azione.

Ukisajili biashara yako, unaweza pia kuomba cheti cha AGPO. Mpango huo umetengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali.

Maswali yanayoulizwa

Je, msichana anaweza kazi hii? Ndiyo. Vitu vizito huinuliwa kwa jeki na kreni, hata na wanaume. Kinachohitajika zaidi ni umakini na subira.

Je, lazima nijue kuendesha trekta? Itakubidi kuijaribu baada ya kuitengeneza. Ukiipeleka barabarani, uwe na leseni inayoruhusu aina hiyo ya mashine.

Je, umri wa miaka 40 ni kuchelewa? Hapana. Mitihani ya NITA na RPL inawafaa hasa watu wazima walio kazini. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki.

La kufanya sasa

Tembelea chuo cha ufundi kilicho karibu nawe uulize mambo manne: kozi zilizopo, karo, tarehe ya kupokea wanafunzi, na kama wanafunzi hufanya mazoezi kwenye trekta halisi. Nenda na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule ulivyo navyo. Kama tayari wewe ni fundi, anza daftari lako leo. Kwa maelezo zaidi, fika katika ofisi ya wadi yako.